Mwogeleaji mwenye GPA ya 3.1 na mlango wa udaktari

Marekani kwa kawaida mtu haingii udaktari akitokea sekondari kama ilivyo kwetu. Anamaliza kwanza digrii ya miaka minne, anafanya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, ndipo anaomba. Kwa hiyo kamati ya udahili haiangalii matokeo ya mtihani mmoja wa taifa. Inasoma miaka minne ya maisha ya kijana. Na kila mwaka katika mafaili hayo wamo walioitumia miaka hiyo wakiogelea, wakikimbia au wakicheza mpira kwa jina la chuo, wakatoka na medali, majeraha na GPA (wastani wa alama za chuo, ambao juu kabisa ni 4.0) ya 3.1.

Wengi wakiiona hiyo 3.1 hawana haja ya kuuliza zaidi. Katika msimu wa maombi wa 2023 waombaji walizidi 52,000, na walioanza masomo hawakufika 23,000. Wastani wa GPA ya walioingia ulikuwa 3.77, na wa MCAT 511.7, kwenye mtihani ambao alama ya juu kabisa ni 528. Mbele ya namba hizo mwenye 3.1 anaonekana amepotea njia. Akijitetea kwamba alikuwa mwanamichezo, ndiyo kwanza anajichongea, kwa sababu mwanamichezo wa chuo machoni pa watu ni mtu aliyebebwa.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2014 ripoti ya uchunguzi kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, ilionyesha kwamba kwa takriban miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitishwa kwenye kozi zisizo na vipindi, kozi za kuandika karatasi moja tu, nyingi zikisahihishwa na karani wa idara. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Anayekaa kwenye kamati akiikumbuka kashfa hiyo, si ajabu akikunja uso.

Lakini hebu tuitazame vizuri. Udanganyifu ule ulizalisha alama za juu. Aliyebebwa hana C ya kemia kaboni. Ana A ya kozi ambayo hakuna aliyeifundisha. Mwogeleaji aliyeingia kwenye fizikia na kemia pamoja na wanafunzi wengine, akapata B, C, B, C, ndiye hasa aliyekataa kubebwa, na ndiye anayelipa gharama ya sifa mbaya iliyotengenezwa na wengine.

Ratiba yake ndiyo isiyofahamika. Kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inasema tangu 1991 kwamba katika msimu mwanamichezo asizidishe saa 20 za mazoezi na mashindano kwa wiki. Kwenye karatasi zinatosha kabisa kumwachia mtu nafasi ya kupiga msuli. Ila kanuni hiyo hiyo inaihesabu siku nzima ya mashindano kuwa saa tatu, hata kama basi liliondoka alfajiri. Safari haihesabiwi. Saa za kukandwa bega kwa mtaalamu wa tiba ya viungo hazihesabiwi. Mazoezi ya "hiari" hayahesabiwi, na kila mwogeleaji anajua hiari hiyo inaishia wapi siku kocha anapopanga kikosi. NCAA ilipowauliza wanamichezo wenyewe wa Daraja la Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa, wengi walitaja saa zaidi ya 30 kwa wiki.

Sasa weka maabara humo. Maabara ya kemia ni saa tatu au nne mfululizo, na mara nyingi hupangwa mchana, wakati ule ule timu inapoingia majini kwa mara ya pili. Mwanafunzi wa kawaida huchagua kundi la Jumanne au la Alhamisi, basi. Mwogeleaji anatafuta kundi la usiku, au anaisukuma kozi hadi likizo ya kiangazi ambapo kazi ya wiki 15 hubanwa kuwa ya wiki chache. Mtihani wa katikati ya muhula ukiangukia siku ya safari, huufanyia hotelini, msimamizi akiwa mshauri wa masomo wa timu, huku wenzake wanapita koridoni wakienda kula. Kitabu alichofungulia ndani ya basi ndicho maandalizi yake.

Tena kuna kanuni nyingine ambayo nje ya michezo haizungumzwi kabisa. Ili aendelee kuruhusiwa kushindana, mwanamichezo wa Daraja la Kwanza lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya digrii yake kabla ya kuanza mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, na 80 kabla ya wa tano. Nia yake ni njema: watu wahitimu. Matokeo yake ni kwamba kijana anayegundua mwaka wa pili kuwa anataka udaktari, na alianza na digrii ya mawasiliano, hawezi kuhama kirahisi, kwa sababu krediti zake nyingi hazitahesabika kwenye digrii ya baiolojia na asilimia zitashuka. Basi anabaki alipo na kuzibeba kozi za sayansi juu ya mzigo uliopo. Halafu tunashangaa zile C.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili. Tuseme mwogeleaji wetu amemaliza digrii na krediti 120, GPA 3.1. Ameacha kuogelea. Sasa ana muda, anarudi darasani mwaka mzima, anachukua krediti 30 za sayansi na kupata A tupu. Hakuna cha zaidi ambacho binadamu anaweza kufanya katika mwaka huo. GPA yake inapanda hadi 3.28. Anakaza tena mwaka wa pili, A tupu, krediti 60 sasa: 3.4. Je, akitaka kuufikia ule wastani wa 3.77? Atahitaji krediti 350 hivi za A tupu. Kwa mwendo wa krediti 30 kwa mwaka, hiyo ni karibu miaka 12 bila B hata moja. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 22 atafika hapo akiwa na 34, bado hajaanza mwaka wa kwanza wa udaktari.

Maana yake ni kwamba wastani haujui nini kilitangulia na nini kilifuata. C ya mwaka wa kwanza, ya mtu aliyekuwa akilala kwa saa tano tu, na A ya mwaka wa tano, ya mtu yule yule aliyepata usingizi, zinatupwa kwenye chungu kimoja. Na hazifutiki. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi wa vyuo vingi vya udaktari, huhesabu kozi iliyorudiwa mara zote mbili. Mfumo wa vyuo vya osteopathia, vinavyotoa madaktari wenye leseni kamili kama wenzao, uliwahi kuruhusu alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani; ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2017. Texas ina sheria inayomruhusu mwombaji wa chuo cha umma aombe masomo yake ya miaka 10 au zaidi iliyopita yasihesabiwe, lakini yasihesabiwe yote, mazuri kwa mabaya. Mbali na hapo, kilichoandikwa kimeandikwa.

Cha kushangaza, karatasi ya AMCAS yenyewe huonyesha GPA mwaka kwa mwaka, na sayansi kando. Taarifa ya kumtendea haki mwogeleaji ipo mezani. Tatizo huja pale chuo chenye maelfu ya maombi kinapochuja kwanza kwa namba moja ya jumla, na faili la 3.28 likaishia hapo kabla halijafunguliwa na mtu yeyote.

Upande wa pili nao una hoja, na si hoja za husuda. Ya kwanza ni mgonjwa. Udaktari ni miaka ya mitihani ya kusoma mengi kwa muda mfupi, na tafiti za AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, zinaonyesha kwamba GPA na MCAT vikichukuliwa pamoja vinatabiri maendeleo ya mwanafunzi vizuri kuliko kimoja peke yake. Anayekwama mwaka wa pili amekaa kwenye kiti cha mwingine na amebaki na deni. Tena tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo mlango wa kujirekebishia sifa huko mbele umepungua.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma, kwa sababu sina jibu lake kamili. Kuna mwanafunzi aliyepanga bidhaa dukani usiku ili mama yake alipe kodi. Naye ana 3.1. Hakuwa na mwalimu wa ziada wa bure, hakuwa na mshauri wa kumwandikia mhadhiri barua, hakuwa na kipaumbele cha kujisajili kozi, na hakuna aliyempigia makofi. Mwanamichezo alivipata vyote. Tukianza kuyasifu maji ya bwawa la kuogelea, yule wa dukani tunamwambia nini? Tena michezo mingine ya vyuo ni ya wenye nacho tangu mwanzo. Takwimu zilizowekwa mahakamani katika kesi ya udahili dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard zilionyesha kwamba wanamichezo walioteuliwa na makocha walikubaliwa kwa kiwango cha karibu asilimia 86, wengine karibu asilimia 6. Watu wa kupiga makasia hawakuzaliwa uswahilini.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka michezo iongeze pointi. Wanaoitetea hivyo hupenda kutaja majina: Roger Bannister, aliyekimbia maili chini ya dakika nne Mei 1954 kisha akawa daktari bingwa wa mfumo wa neva, Eric Heiden, medali tano za dhahabu za kuteleza barafuni mwaka 1980, baadaye daktari bingwa wa mifupa, Myron Rolle, aliyetoka timu ya mpira wa Kimarekani ya Florida State hadi kwenye upasuaji wa ubongo. Majina mazuri, ila hayamsaidii mtu wetu. Rolle alikuwa na alama zilizompa Rhodes, udhamini wenye ushindani mkali wa kwenda kusoma Oxford. Kumtaja yeye ni kumpa mjumbe wa kamati swali la kumfungia mlango mwogeleaji: mbona mwenzako aliweza?

Upo utafiti wa 2012 kutoka Washington University ya St. Louis, uliowafuatilia madaktari wasiofika 50 waliokuwa wakisomea ubingwa wa masikio, pua na koo. Waliowahi kung'ara katika mchezo wa timu walipewa na walimu wao sifa za juu zaidi kama matabibu. Natamani ungekuwa mkubwa zaidi. Kwa idadi ile unaweza kuanzisha mazungumzo, hauwezi kubeba sera, na wenye kuupeperusha kama bendera wanawaharibia wanaowatetea.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho, na kinamhusu wa dukani vile vile. Saa 30 za kazi kwa wiki ni saa 30, ziwe za bwawani au za kupanga makopo. Kamati isome alama za kila mwaka zikiwa kando ya saa hizo, kisha itazame kilichotokea mzigo ulipoondoka. Kama mzigo uliondoka na C zikabaki, jibu limepatikana, na pole yake. Kama ziligeuka kuwa A za biokemia na fiziolojia, na MCAT ikaja 512, basi kuendelea kumhukumu kwa 3.28 ni kuadhibu ratiba iliyokwisha. Na si jambo la ndoto: majedwali ya AAMC yanaonyesha kila mwaka wapo wanaokubaliwa wakiwa na GPA kati ya 3.0 na 3.2, wachache, na nafasi yao hukua kadiri MCAT inavyopanda.

Kinachonitia shaka ni bei ya huo ushahidi. Mwaka wa ziada wa sayansi, au shahada maalumu ya uzamili kama ile ya Chuo Kikuu cha Georgetown, hugharimu makumi ya maelfu ya dola, wakati udhamini wa michezo umeshakatika. Kwa sheria iliyopitishwa 2025, mikopo ya serikali kwa wanafunzi wapya wa fani kama udaktari inawekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kuanzia Julai 2026. Mwogeleaji mwenye wazazi wa kumlipia atathibitisha. Mkimbiaji asiye nao ataambiwa alama zake ni za chini.

Na wakimbiaji hao tunawafahamu, maana wengine ni wetu. Vijana wa Bonde la Ufa wamekwenda Marekani kwa udhamini wa riadha kwa zaidi ya miaka 50. Sally Kipyego alichukua mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, akahitimu uuguzi hapo hapo, kisha akaleta fedha ya mita 10,000 kutoka London mwaka 2012. Anayelenga udaktari wa tiba akiwa na F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, anakuta ukuta mwingine juu ya ule wa GPA: vyuo vingi vya udaktari havipokei kabisa wanafunzi wa kigeni, baadhi ya vinavyopokea hudai kuona ada ya mwaka mzima au ya miaka yote minne kabla ya kuanza, na mkopo wa serikali ya Marekani haumhusu. Kwa huyu, 3.1 haina mwaka wa pili wa kuirekebishia.

Kwa hiyo mzazi wa Iten au Eldoret ambaye kocha amempigia simu leo, binti akiwa anataka udaktari, aulize kabla ya kusaini: maabara ya kemia ni saa ngapi, mazoezi ni saa ngapi, na vikigongana nani anayepisha? Jibu aletewe kwa maandishi.