Marehemu Hauzi Nyumba

Ukizunguka Mombasa, ng'ambo ya Kisauni au ya Likoni, hukosi kuona ukuta uliopakwa maneno kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni huona kichekesho. Sisi wenyeji twajua kwamba kuna mtu wa humo humo ndani alishajaribu kuiuza.

Nimeyakumbuka maandishi hayo juzi, bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu aliponiletea karatasi nimsomee. Mpwa wake, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuja nayo jioni akamwambia: "Shangazi, tia sahihi hapa tu, mengine tutayamaliza wenyewe." Karatasi yenyewe imepigwa chapa saiba, kwenye duka la kompyuta, kichwa chake "Makubaliano ya Kuuziana Nyumba". Muuzaji ni mpwa. Nambari ya kiwanja hamna. Nyumba imeelezwa kuwa "ile ya karibu na msikiti", na Mombasa hii misikiti iko mingapi? Chini kabisa kuna mistari miwili ya mashahidi. Wa kwanza ni dalali, keshaweka sahihi yenye mikia. Wa pili ni bi mkubwa.

Shahidi! Nyumba ni ya babake mzazi, yeye ni mrithi kwa haki yake, halafu anatakiwa ashuhudie urithi wake ukiuzwa. Tena sheria ya mikataba yataka shahidi wa mauzo ya ardhi awe alikuwepo mtu akitia sahihi. Bi mkubwa siku hiyo alikuwa jikoni kwake anakuna nazi.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Katika mji huu tumezoea kudhani kuuza nyumba ni kupata mteja. Mteja akipatikana, bei ikikubaliwa barazani, basi, yaliyobaki ni "makaratasi". Ukifungua sanduku la chuma ukaitoa hati, karatasi nzito iliyokunjwa mara nne hata mikunjo imechanika, jina lililomo ni la babu, na babu alizikwa kabla simu za mkononi hazijafika nchini. Watoto wake wamekaa humo, wamezaa humo, wameongeza vyumba viwili vya kupangisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kwa kadhi kuuliza nani mrithi wa nani. Jina liko vilevile. Sasa muuzaji ni nani? Marehemu hauzi nyumba. Mjukuu aliye na funguo naye hauzi, hata kama ndiye aliyekuwa akilipa bili ya maji miaka yote na ndiye anayepiga kelele zaidi kwenye kikao cha ukoo.

Mahakama kwanza iseme warithi ni kina nani na fungu la kila mmoja ni lipi. Waislamu tuna Mahakama ya Kadhi, iliyomo kwenye Katiba ya Kenya, kifungu cha 170. Wengine wana mahakama zao. Cheti cha kifo na barua ya chifu ya kutaja warithi, hapo ndipo pa kuanzia. Na hata msimamizi wa mirathi, anayeteuliwa na mahakama, akishapatikana, sheria haimruhusu kuuza ardhi wala nyumba kabla mahakama haijauthibitisha usimamizi wake. Lakini watu wataka kuanza na arbuni, yale malipo ya kutangulizwa! Hela inapokewa, inagawanywa usiku uleule, mmoja ananunua tuktuk, na mirathi inakumbukwa mnunuzi anapoulizia hati.

Na tusifichane ni nani anayeumia. Wanaume wa ukoo wanaijua sana aya ya mtoto wa kiume kupata fungu la watoto wawili wa kike. Wanaisoma kwa makhraji. Ila ikifika zamu ya kulitoa hilo fungu moja la mwanamke, kimya, mwanamke analetewa kanga na bahasha. Msimpe zaidi ya alichopewa na Mola wake, sawa, lakini mpeni hicho hicho! Bi mkubwa yule hakuambiwa hata bei. Nilipomsomea alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani nyumba inayouzwa ndiyo hiyo?"

Haya, nakubali, mahakama zetu zachelewesha, faili hupotea likaonekana mwezi mwingine, na wako mawakili ambao dalali ana afadhali. Nakubali pia kwamba dalali ndiye anayemjua mteja mwenye pesa taslimu. Alete mteja, achukue chake, ende zake. Kazi ya kuandika nyaraka za kuhamisha ardhi kwa malipo sheria imewapa mawakili, si yeye na fomu yake ya saiba. Na muuzaji awe na wakili wake mwenyewe, maana yule wa mnunuzi analipwa na mnunuzi.

Wenye nyumba za Majengo, ambao ardhi ni ya mtu mwingine na kila mwezi mnalipa kodi ya kiwanja: mwauza kuta na paa. Liandikeni hilo kwenye mkataba, na mwenye ardhi ajue, kabla mnunuzi hajaja kuambiwa na majirani. Nyumba ya wakfu ndiyo haigusiki, hata mkikaa vikao mpaka alfajiri. Na mwenye mke, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mkewe, tangu sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 na ile ya mali ya ndoa ya 2013.

Msiniambie pia "hati ninayo, basi". Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha pwani huko Nyali, kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kiliwahi kupewa Rais Moi mwenyewe, kikauzwa, hati ipo. Mahakama ikasema ardhi ilikuwa ya umma, ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, na mnunuzi hakuokolewa na hati yake. Tangu hapo wakili mwenye akili haishii kwenye sachi ya siku moja, ile ya kutazama jina kwenye rejista ya ardhi. Atakuuliza babu naye aliipataje. Muwe na jibu.

Kodi nayo. Ushuru wa stempu, asilimia 4 huku mjini, ni wa mnunuzi. Ya muuzaji ni kodi ya faida aliyoipata kwa kuuza, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, na hiyo ndiyo inayowashtua wazee wakidhani wameibiwa. Ila kuna msamaha ambao dalali hakuambii: aliyeishi mwenyewe katika nyumba yake miaka mitatu mfululizo hadi siku ya kuihamisha halipi. Kwa hivyo bili za umeme na maji zenye jina lako usizifungie bajia.