Betri ya ndani au ya kutoa? Kifaa cha kwanza kwa anayeanza vepu ya mapafuni Lubumbashi

Mvutaji wa sigara anayetaka kuhamia kwenye vepu (sigara ya kielektroniki) hapa Lubumbashi hupewa ushauri wa aina mbili. Wengine humwambia anunue boksi kubwa (mwili wa vepu unaobeba betri na saketi) la betri mbili za kutoa, na tanki pana juu yake, ashibe mvuke ili asirudi kwenye sigara. Wengine humwambia achukue kifaa kidogo chenye betri ya ndani, ajifunze nacho kwanza. Pande zote mbili zina hoja nzito. Mimi naegemea kwenye kifaa kidogo, na sababu yangu kubwa haihusu urahisi wake.

Niseme mapema kwamba naongea na mtu mzima ambaye tayari anavuta. Asiyevuta hana sababu yoyote ya kuanza. Nikotini humshika mtu, na mvuke huu si hewa safi, hata kama hauna lami na moshi wa tumbaku inayoungua. Tafiti zilizokusanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, zinaonyesha kuwa vepu yenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko plasta au ubani wa nikotini. Lakini Shirika la Afya Duniani bado linaonya, hasa kuhusu vijana, na onyo hilo nalichukua kwa uzito.

Sasa tuangalie namna ya kuvuta. Mtu wa sigara hujaza mdomo kwanza, ndipo anashusha mapafuni. Mtu wa shisha hushusha moja kwa moja, kwa pumzi moja ndefu. Vepu ya mapafuni inafuata njia ya shisha: tundu la hewa ni pana, koili (waya mdogo unaochemsha) ina upinzani chini ya omu 1, mara nyingi kati ya 0.15 na 0.6, na nguvu ni wati 30 hadi 80 au zaidi. Ndiyo maana aliyezoea shisha huiona ya kawaida tangu siku ya kwanza, wakati mtu wa sigara anaweza kukohoa hadi machozi. Kama ulikuwa unavuta sigara tu, podi, yaani vepu ndogo ya wati 12 au 15, inayovutwa kwa mdomo kama sigara, pengine itakufaa kuliko haya yote ninayoyaandika hapa.

Wanaotetea betri za kutoa wana hesabu nzuri. Betri ya 18650 (milimita 18 kwa upana, 65 kwa urefu) yenye mAh 3,000 (kipimo cha chaji inayohifadhi) hubeba kama wati-saa 11. Ukivuta kwa wati 60, hiyo ni dakika 11 za kuwasha koili, yaani mivuto 165 ya sekunde nne nne, tena ikiwa hakuna kinachopotea. Siku ya delestaji, yaani mgao wa umeme, mwenye betri nne anabadilisha mbili na kuendelea. Mwenye betri ya ndani ameshika chuma kilichozima. Isitoshe, betri ya kutoa ikichakaa unaitupa hiyo peke yake, boksi linabaki. Ya ndani ikichoka, kifaa kizima kinakwenda. Kwetu hoja hiyo ina uzito wa pekee, maana betri nyingi za namna hii zina kobalti ndani yake, na tunajua kobalti hiyo inachimbwa kwa jasho la nani, kutoka hapa hadi mji wa migodi wa Kolwezi.

Tatizo ni betri yenyewe utakayoipata. Nenda soko la Kenya hapa mjini au kwa fundi yeyote wa tochi, uliza 18650. Utapewa iliyoandikwa mAh 9,800. Betri ya namna hiyo haipo. 18650 nzuri huzunguka mAh 3,500, na zile zinazoweza kutoa umeme mwingi kwa mpigo huwa chini ya hapo, 2,500 hadi 3,000. Aliyeandika 9,800 hawezi kuaminiwa na namba nyingine yoyote kwenye karatasi hiyo. Kuna pia zile zinazotolewa kwenye laptopu zilizokufa. Hizo ni betri za kweli, lakini zimetengenezwa kutoa umeme mdogo kwa saa nyingi. Boksi la betri moja likiombwa wati 60 huku betri imeshuka hadi volti 3.2, linavuta zaidi ya ampea 18. Betri ya laptopu haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Itachemka, na ikizidi kuchemka itatoa gesi na moto.

Ngozi ya plastiki inayoizunguka betri nayo si pambo. Chini yake mwili wote ni hasi, hadi juu karibu kabisa na kichwa cha chanya. Ikichanika pale juu, kipande kidogo cha chuma kinatosha kupiga shoti. Na betri inayobebwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu haihitaji hata kuchanika. Mwenye kijisanduku cha plastiki cha kuzibebea, chaja ya nje, na muuzaji anayemwamini, huyo anaweza kwenda na betri za kutoa bila mimi kumzuia. Anayeanza mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Na vile virungu vya mekaniki, vepu za bomba ambapo betri inagusana moja kwa moja na koili bila saketi ya ulinzi, asiviguse kabisa: volti 4.2 kwa koili ya omu 0.2 ni ampea 21, na hakuna kitu ndani cha kusema basi.

Hoja ya delestaji nayo hupungua nguvu ukiitazama vizuri. Kifaa cha betri ya ndani ya mAh 2,500 huchajiwa kwa waya wa simu. Pawabenki ya mAh 10,000, ambayo wengi tayari wanayo kwa ajili ya simu, hukijaza mara mbili na zaidi.

Ukishachagua betri ya ndani, kinachoamua ununue kifaa kipi ni koili. Koili ya mapafuni hudumu wiki moja au mbili, na koili ya kifaa kimoja mara nyingi haiingii kwenye kingine. Duka likileta boksi zuri mara moja na koili zake zisirudi tena, umenunua pambo la meza. Kwa hiyo uliza koili kwanza, ona pakiti kwa macho, nunua ya akiba siku hiyohiyo, ndipo uangalie kifaa chake. Koili mpya idondoshee likidi (maji ya vepu yanayogeuka mvuke) kwenye pamba iliyo ndani yake, jaza tanki, subiri kama dakika kumi, kisha anza na wati za chini zilizoandikwa ubavuni mwake. Ukivuta pamba kavu utameza moshi wa kuungua wenye sumu kama fomaldehaidi, na koili imekwisha.

Likidi ya mapafuni huwa na gliserini asilimia 70 au zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi ya Lubumbashi huifanya iwe nzito na pamba hunywa polepole. Pasha tanki kwa viganja kabla ya kuvuta, na uache nafasi kati ya mvuto na mvuto. Nikotini iwe miligramu 3 kwa mililita, 6 kwa aliyekuwa mvutaji mkubwa. Hapa ndipo wanaotoka kwenye vepu za kutupa huumia. Nyingi ya hizo huandikwa 5%, yaani miligramu 50, wakati sheria ya Ulaya ya mwaka 2014 haivuki 20. Likidi kali ya namna hiyo ndani ya tanki pana humletea mtu kizunguzungu, kutapika na moyo kwenda mbio.

Jambo la mwisho ni mfuko. Podi ya mdomoni hula mililita 3 hivi kwa siku; tanki la mapafuni hula 10 bila shida. Chupa ya mililita 60 inayomfikisha mwenye podi siku 20, wewe itakufikisha siku sita. Muulize muuzaji bei ya chupa tano kwa mwezi kabla hujauliza bei ya boksi.