Kadimiamu iliyoyeyuka na fueli ya nyuklia iliyotumika

Fueli inayotolewa katika kinu cha kawaida cha nyuklia bado ina urani ya asilimia 95 hivi, na plutoniamu ya takriban asilimia 1. Njia iliyozoeleka ya kuzitenganisha, ile inayotumika La Hague nchini Ufaransa, huiyeyusha fueli kwa asidi ya nitriki na kuitoa plutoniamu ikiwa safi, hali inayoifaa hata kwa bomu. Kwa sababu hiyo, wengi waliweka matumaini katika njia nyingine, iliyobuniwa na maabara ya Argonne ya Marekani kwa ajili ya EBR-II, kinu cha Idaho kilichozimwa mwaka 1994.

Katika njia hiyo vijiti vya fueli hukatwakatwa, hutiwa katika kikapu cha chuma na kuzamishwa ndani ya chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi, katika chumba kilichojaa gesi ya agoni, huku mafundi wakiendesha mikono ya mashine kutoka nyuma ya kioo kinene. Umeme ukipita, urani huota kwenye fimbo ya chuma mithili ya miiba. Plutoniamu hunaswa kwenye kikombe cha kadimiamu, aina ya metali, iliyoyeyuka, ikiwa imechanganyika na amerisiamu na kuriamu, metali nyingine zenye mnururisho, pamoja na urani kiasi. Kisha kadimiamu, ambayo huchemka kwa nyuzi 767, hufukizwa.

Watetezi husema mchanganyiko huo haufai kwa silaha. Hoja ina uzito, ila naona imetwishwa mzigo usiouweza, kwa kuwa aliyekwisha kuufikia mchanganyiko huo amebakiwa na hatua chache tu kuipata plutoniamu safi. Tathmini ya wataalamu wa maabara za taifa za Marekani ya mwaka 2009 nayo iliona kwamba nafuu iliyopo, ikilinganishwa na njia iliyozoeleka, ni ndogo.

Penye haki yake njia hii nitaitetea. Fueli ya EBR-II ina sodiamu ndani ya vijiti, na sodiamu ikikutana na maji huwaka, kwa hiyo kuizika ilivyo ni hatari. Hata hivyo, Marekani iliamua mwaka 2000 kuisafisha fueli hiyo kwa njia hii, tani 25 hivi, na miaka 20 baadaye kazi ilikuwa haijaisha, ilhali kinu kimoja kikubwa cha umeme hutoa takriban tani 20 kila mwaka.