Wazalendo wa Uvira, hela ya field na kodi ya Geneva

Wiki ile mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Februari 2025, nilikuwa mtarajali kwenye kitengo cha masuala ya siasa cha shirika moja la kimataifa hapa Geneva. Jina lake nalihifadhi. Kila siku saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshafika, nasoma yote yaliyotoka usiku kuhusu Maziwa Makuu na kuyafupisha yaenee kurasa mbili, ili wakubwa wawe wameyasoma kabla ya kikao cha saa tatu.

Asubuhi moja nikapewa rasimu ya mtarajali mwenzangu niipitie. Mstari mmoja ulisema kwamba usiku raia walipita kwenye kijiji kimoja upande wa Uvira wakiomba chakula, na vijana watatu wa pale wakawasindikiza. Ukiisoma ilikuwa habari ya wakimbizi na wenyeji wenye huruma. Haikuniingia akilini, nikaomba kuona chanzo. Kumbe ni ujumbe wa Kiswahili uliokuwa ukizunguka WhatsApp, ukapitishwa kwenye programu ya kutafsiri. Neno la kwanza la ujumbe wenyewe lilikuwa Wazalendo.

Mtanzania akisikia neno hilo anawaza mtu anayeipenda nchi yake, na programu nayo iliwaza hivyo hivyo. Lakini mashariki ya Kongo, hasa tangu mwaka 2023, Wazalendo ni vikundi vya wanamgambo wenye silaha wanaopigana upande wa serikali dhidi ya M23. Watu wenye bunduki wakiingia kijijini usiku wakataka chakula, hakuna anayewakatalia. Na wale vijana watatu hawakumsindikiza mtu. Ujumbe ulisema "wakaondoka nao". Mimi ni mtu wa Kigoma, nimekua nikiwasikia wageni wa ng'ambo ya ziwa wakisimulia vita, na maneno hayo nayajua uzito wake.

Nikanyoosha mkono kikaoni. Hapa lazima niwape wenyeji wangu haki yao. Mkuu wa kitengo, mama wa makamo ambaye tangu siku ya kwanza alinizuia nisimwite kwa cheo, aliusoma ule ujumbe, akaniuliza maswali mawili, na mstari ukaandikwa upya nikiwa nimekaa pale pale. Nyumbani nisingethubutu. Kwenye ofisi niliyofanyia field, yaani mafunzo kwa vitendo, nikiwa chuo, kijana wa field alibeba mafaili, akaamkia, akachapa barua. Ukiona kosa la mkubwa unamnong'oneza karani, karani amwambie katibu muhtasi, na pengine litafika. Heshima zetu nazipenda, na shikamoo sijaiacha hata huku. Ila habari za vita haziwezi kusubiri mzunguko wote huo.

Lakini field hiyo hiyo ndiyo iliyonipa masikio. Nilikuwa Kasulu miezi miwili, nikifuatana na afisa mmoja kwenye vikao kati ya wanakijiji na wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani na baadaye ikapokea Warundi wengi. Ugomvi mkubwa ulikuwa kuni. Kikao kimoja tulikifanyia darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, nami nilikuwa nimeshajaza ukurasa kabla mama wa kwanza hajamaliza kusema. Afisa akaniinamia: "Dogo, weka kalamu kwanza. Mwangalie yule asiyesema." Asiyesema alikuwa mzee mmoja wa dawati la nyuma. Saa nzima baadaye ikajulikana kwamba ndiye aliyekuwa akiwauzia wakimbizi kuni za msitu wa kijiji.

Geneva hawakunifundisha hilo. Wamenifundisha kuandika: nani kasema, lini, na sisi tumejuaje. Ni elimu kubwa na ninaishukuru. Ila niliona pia jinsi karatasi safi kabisa inavyoweza kuandikwa kuhusu watu ambao hakuna chumbani anayeelewa wanachosema. Tulikuwa watu kumi na mmoja kitengoni. Mwenye Kiswahili nilikuwa peke yangu, tena mtarajali wa miezi sita, tena nisiyelipwa.

Donge langu liko hapo. Nikiwa Kasulu nilikuwa na hela ya field. Ilitoka kwenye mkopo wa chuo, ni deni na bado nalilipa, lakini nilikula na nikapanga chumba. Nchi inayoitwa maskini kila siku iliona kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza kazi akiwa na njaa. Geneva, mwaka ule, kima cha chini cha mshahara kisheria kilikuwa faranga 24.48 kwa saa. Jumamosi na Jumapili nikiosha vyombo mgahawani nililipwa hiyo. Jumatatu mpaka Ijumaa nikiandika kuhusu vita sikulipwa hata senti. Kodi ya chumba changu ilitoka kwenye sahani.

Wala si shirika moja. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa yenyewe haiwalipi watarajali wake. Nauli, viza, bima na malazi ni juu yao. Mwaka 2015 mtarajali mmoja kutoka New Zealand aliishi kwenye hema hapa hapa Geneva, na picha zake zikaenea dunia nzima. Shirika la Kazi Duniani hutoa posho, na Shirika la Afya Duniani nalo likaanza mwaka 2020, kwa hiyo inawezekana. Pasipo na posho, anayekuja ni yule ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia nusu mwaka katika mmoja wa miji ghali kuliko yote duniani. Yule mwenzangu aliyeandika rasimu ni binti hodari na mwenye moyo. Alipoelewa wale vijana watatu walikopelekwa, machozi yalimlenga. Miaka kumi ijayo atakuwa afisa, na anastahili. Ninachouliza ni nani atakuwa amekaa kiti cha pembeni yake.

Chumba nilipanga Meyrin, pembeni ya Geneva, kwa mama mmoja Mkongomani wa Bukavu. Dada yake alikuwa miongoni mwa maelfu waliovuka mto Ruzizi kuingia Burundi mwezi ule. Kila jioni kabla sijavua koti ananiuliza, "Mutoto yangu, kule banasema nini?" Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama lilipopitisha kwa kauli moja azimio namba 2773, likiitaka M23 iondoke Goma na Bukavu mara moja, nilikaa naye jikoni nikamfasiria aya kwa aya. Alisikiliza yote mkono uko shavuni. Kisha akauliza, "Mara moja ni siku gani?" Sikuwa na jibu. Akachukua simu akajaribu tena namba ya dada yake.

Nchi kadhaa za Ulaya huwalipia vijana wao nafasi za maafisa chipukizi ndani ya Umoja wa Mataifa. Hazioni aibu, zinajua faida yake. Kwa nini sisi tusiwalipie wetu, hata kama ni watano kwa mwaka? Arusha yetu ndiyo iliyobeba mazungumzo ya amani ya Warundi, akianza Mwalimu na kumalizia Mandela, mpaka mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022, na kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge na kukipigia makofi. Fungu la makofi hayo likalipie kodi ya kijana mmoja mahali ambapo ripoti zinaandikwa.

Wadogo zangu wa vyuo vya nyumbani huniandikia kuuliza jinsi ya kuomba nafasi hizi. Nawajibu ukweli wote: barua, viza, bima, chumba, jumla yake. Mwezi uliopita aliniandikia binti wa Kasulu anayejua Kiha, Kirundi, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa alichojifunza kwa majirani wa kambini. Nikampigia hesabu ya miezi sita. Alikaa kimya siku mbili, halafu akajibu: "Asante kaka. Basi."