Fast & Furious, mtu wenu atakufa kweli lini?

Jamani watengenezaji wa filamu za Fast & Furious, tuambieni: mtu wenu akifa, tumlilie au tumsubiri? Letty alikufa 2009, mwaka 2013 tukamkuta mzima, kapoteza kumbukumbu. Haya, tukameza. Han alilipuka na gari Tokyo, mashabiki tukadai haki yake miaka nenda rudi. 2021 huyo hapa, na vitafunwa vyake mkononi. Gisele alidondoka kwenye ndege, na mwisho wa Fast X mwaka 2023 anaibuka na nyambizi huko Antaktika. Nyambizi! Sasa mtu akining'inia kwenye lori, mimi presha inipande ya nini?

Na ile ya 2001 ilikuwaje? Honda Civic nyeusi, taa za kijani chini ya tumbo, zinalizingira lori usiku kwenye barabara kuu. Wizi wenyewe wa deki za DVD tu, na kiti tulikalia ncha. Miaka 20 baadaye Roman na Tej wanapaa anga za juu na Pontiac Fiero iliyofungwa roketi, halafu ukiuliza unaambiwa ni familia. (Familia gani hiyo kila adui anahamia, mpaka Deckard Shaw?)

Ikitoka nyingine nitaenda, najijua. Ila safari hii nawaomba kitu kidogo: gari ligonge ukuta likwame, dereva ashuke anachechemea. Na kama kuna msiba, tuonyesheni maiti kwanza.