Wakanda na Ugomvi wa Ndugu Wawili

Filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilipotoka Februari 2018 na kuvuna zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, wapo waliosema kwamba mvuto wake ni rangi ya ngozi tu, yaani watu weusi walifurahi kujiona wakiruka na kupigana kama walivyozoea kuwaona wengine. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi.

Wakosoaji wanaoitazama kwa jicho la Afrika wana hoja nzito zaidi. Wakanda, nchi tajiri ya Kiafrika inayosimuliwa katika filamu hii, ilibuniwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili weupe, Stan Lee na Jack Kirby, na katika filamu imeshonwa kwa viraka: blanketi za Wasotho, udongo mwekundu wa Wahimba, kofia pana za wanawake wa Kizulu, na juu ya yote lugha ya Kixhosa, ilhali ramani inaiweka nchi hiyo huku kwetu Afrika Mashariki. Hata hivyo, naona viraka hivyo vilishonwa kwa heshima. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na kumsikia mfalme wa Wakanda, T'Challa, akizungumza na baba yake kwa Kixhosa, bila lugha hiyo kufanyiwa mzaha, ni jambo ambalo watazamaji wengi wa Afrika hawakuwa wamelizoea katika filamu kubwa za Marekani.

Kwangu mimi, nguvu ya filamu imo katika ugomvi wa T'Challa na Killmonger, mtoto wa baba yake mdogo, aliyeachwa Oakland akiwa yatima baada ya mfalme T'Chaka kumuua ndugu yake mwenyewe. Killmonger anawauliza watu wa Wakanda walikuwa wapi, na utajiri wote ule, wakati watu weusi kwingineko wakiteswa. Sisi wa pwani hii, yenye Bagamoyo na soko la watumwa la Unguja lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kulisikia swali hilo kama la wageni, ingawa misafara yetu ilielekea zaidi Uarabuni na visiwani kuliko Amerika.

Hapo ndipo filamu inaponiudhi. Swali la kweli kuliko yote limewekwa kinywani mwa mtu anayefanywa muuaji asiye na huruma, anayemuua hata mpenzi wake, ili mtazamaji apate nafuu anaposhindwa. Anayepewa heshima ya kuzidungua ndege zilizobeba silaha za Killmonger ni jasusi wa CIA, shirika ambalo uchunguzi wa Seneti ya Marekani mwaka 1975 ulionyesha lilipanga njama ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Mtazamaji wa Kongo ana haki ya kukasirika hapo.

Pamoja na hayo, ipo sehemu moja inayonirudisha kwenye filamu hii kila mara. T'Challa, akiwa katika ulimwengu wa mizimu, anasimama mbele ya baba yake na wazee waliomtangulia, na anawaambia wazi kwamba wote walikosea kuwapa wengine kisogo. Kisha anawaacha wamesimama, anarudi kwa walio hai akiwa na deni la kumjibu ndugu yake.