Kiazi kimoja, masomo manne

Mwanangu karudi shule na kiazi mfukoni. Huku Tampere, Finland, darasa lao wiki nzima wanasoma kiazi, kiazi tu: wamevipima wakatafuta wastani wa uzito, wamefuatilia kilivyotoka milima ya Andes mpaka kikafika Finland, wamekichipusha kwenye kopo, na kwenye lugha wakamwandikia mkulima barua. Mtoto anayekimbiaga hesabu leo ananiuliza Mbeya kilo ya viazi shilingi ngapi! Mtaala wao ulioanza kutumika 2016 unataka kila mwanafunzi apate walau kipindi kirefu kimoja cha namna hii kila mwaka, siku nyingine masomo yanaenda kivyake kama kawaida.

Nimefurahi halafu nikaumia. Jamani viazi? Sisi watu wa Isyonje, kule Rungwe mkoani Mbeya, tumekulia kwenye viazi, na shuleni hakuna hata siku moja kiazi kimeingia kwenye daftari la hesabu. Tulikuwa tunakariri kilogramu na tani ubaoni wakati barabarani baba zetu wanafungiwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo halafu linalipwa kama gunia la kawaida. Sasa hiyo lumbesa ndo ilikuwa somo lenyewe. Pima gunia lenye kichuguu, toa kilo zinazotakiwa, zidisha kwa bei, umeona mzee amepoteza shilingi ngapi kwa msimu, hapo hapo uraia unaingia maana sheria ya vipimo ipo, na sayansi inakwambia udongo ule wa volkano kwanini unabeba viazi hivyo. Mtoto gani wa mkulima atasinzia hapo?

Najua mtaniambia huyu kapanda ndege ameanza kutudharau. Simdharau mtu, na kwa utajiri wa kufundishia hawa hawatufikii kabisa, mlima wao mrefu kuliko yote, Halti, ni mita 1,324, jiji la Mbeya tu lenyewe liko juu kuliko huo. Watoto wao volkano wanaiona pichani. Sisi Mlima Rungwe uko dirishani, Ngosi ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, tunaenda kwa miguu, kimondo kipo Mbozi, na bado tunamchapa mtoto kwa kushindwa kukariri maana ya kasoko.

Na msinijibu madarasa yamejaa, walimu hawatoshi, mitihani ya taifa inabana, hayo nayajua nimesomea humo humo. Lakini shamba la shule tunalo tangu sera ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, tumelima sana, tumebeba maji sana, jembe likirudi stoo na somo limeishia hapo, hakuna aliyetuambia tupime hata tuta moja. Hiyo nayo inataka hela ya wafadhili?

Mwingine atasema mtaala wetu mpya Tanzania wa 2024 umeshamaliza hayo. Sawa ndugu yangu, nitajie basi shule moja ya Rungwe ambako ticha wa hesabu na wa jiografia wamekaa meza moja wakapanga kipindi cha viazi, nitafurahi kweli, na wakikosa mizani ya kupimia mimi nanunua.